Mwongozo Kamili wa Kuanzisha na Kuendesha Chama cha Wasomaji wa Shaaban Robert: Uzoefu wa Mbeya

Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa vyama. Kuna vya kuzikana, kuna vikoba, kuna kwaya zenye sare tatu tatu, kuna vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa na chai. Chama cha watu wanaokutana kusoma riwaya za mwandishi mmoja ni kitu kigeni kidogo, na ukikitaja mtaani swali la kwanza utakaloulizwa ni mkopo unatolewa baada ya miezi mingapi. Usikasirike. Jibu kwamba hakuna mkopo, kuna kitabu, kisha uendelee na mipango yako.

Mwongozo huu umetokana na chama kidogo tulichokianzisha hapa Mbeya, tukakiua wenyewe ndani ya miezi minne, kisha tukakianzisha upya kwa njia nyingine. Mara ya kwanza tulitanguliza katiba. Ilikuwa na kurasa 11, na watu tisa tuliohudhuria tulichagua viongozi saba, kwa hiyo wanachama wa kawaida wakabaki wawili. Tulijadili rangi ya muhuri kwa vikao viwili. Hadi chama kinakufa, hakuna aliyekuwa amefungua kitabu mbele ya wenzake. Mara ya pili tulianza na watu watano na riwaya moja, na mambo mengine yote yakafuata kitabu, kila moja lilipohitajika. Utaratibu ninaoueleza hapa ni huo wa pili, na ndiyo maana usajili umewekwa karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: Mfahamu mwandishi kabla ya kuwaita watu

Unaweza kuunda chama cha mwandishi yeyote, lakini kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoanza, Shaaban Robert ana faida ambazo wengine hawana. Riwaya zake nyingi ni fupi, vitabu vyake bado vinachapishwa, na karibu kila mtu aliyepita shuleni Tanzania amewahi kusikia jina lake, hata kama hajasoma ukurasa wake mmoja.

Mwanzilishi hahitaji kuwa mtaalamu, ila awe na mambo machache ya uhakika kichwani, kwa sababu kikao cha kwanza kitamwuliza. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo mwa mji wa Tanga, akafariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam, na tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha. Alihudumu Pangani, akafanya kazi Mpwapwa, akamalizia utumishi wake Tanga. Alikuwa basi mtu wa ofisini mchana, aliyeandika katika muda uliobaki. Wanachama wetu ambao ni watumishi wa halmashauri walivutiwa na jambo hili kuliko sifa zote tulizozitaja.

Kuhusu vitabu vyenyewe, inatosha kujua mpangilio. *Kusadikika* ilitoka mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, mwandishi akiwa hai. *Kufikirika*, *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* zilichapishwa baada ya kifo chake, mwishoni mwa miaka ya 1960. Pembeni ya riwaya kuna wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu wa Zanzibar, kuna tawasifu ya Shaaban Robert mwenyewe, na kuna mashairi na insha nyingi. Chama kina chakula cha miaka minne au mitano hapo bila kurudia sahani.

Hatua ya pili: Pata nakala za kutosha, za toleo moja

Hapa ndipo vyama vingi vya wasomaji hukwama, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Kanuni yetu ni nakala moja kwa kila wanachama wawili. Chini ya hapo watu husoma kwa kuchungulia bega la jirani, na anayechungulia huchoka upesi akaanza kutazama simu. Kwa watu kumi, tafuteni nakala tano za kitabu cha kwanza. Nunueni kwa pamoja kutoka duka la vitabu mjini, au agizeni Dar es Salaam na kuomba mzigo uletwe kwa basi la usiku. Kifurushi cha vitabu vitano hufika stendi asubuhi, na gharama ya usafiri mkiigawana haimuumizi mtu. Maktaba ya mkoa, hapa Mbeya au kule Iringa, iulizwe pia. Ukiwa mwanachama wa maktaba unaweza kuazima, lakini usitegemee kwamba itakuwa na nakala nyingi za kitabu kilekile, na usijenge mpango wa miezi mitatu juu ya kitabu ambacho una ruhusa ya kukaa nacho kwa wiki chache.

Hakikisheni nakala zote ni za toleo moja. Vitabu vya Shaaban Robert vimechapishwa mara nyingi na wachapishaji tofauti, na wazee wengi wana matoleo ya zamani nyumbani, yenye kurasa zilizogeuka manjano. Ni hazina, na mwenye nayo ana haki ya kujivunia, lakini namba za kurasa hazilingani. Katika kikao chetu cha tatu tulipoteza karibu robo saa, huyu akisema ukurasa wa 20, yule akisema kwake ukurasa huo una jambo jingine kabisa. Mwenye toleo la zamani aje nalo, na kila mara mtajeni sura na aya badala ya ukurasa.

Msitoe kopi ya kitabu kizima. Nje ya suala la haki za mchapishaji, tuliwahi kupewa na duka moja la steshenari seti sita zilizobanwa vizuri, na tulipofika katikati ya hadithi tukagundua kwamba seti zote sita hazina kurasa nne, ambazo ndizo zilizokuwa na jibu la swali tulilokuwa tukibishania. Fedha hiyo ingetupatia nakala mbili halisi.

Hatua ya tatu: Mahali, siku na saa

Mtu wa Dar es Salaam angeweza kukwambia ukumbi wowote unafaa. Huku kwetu, uliza kwanza kama una dari. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei, na hupenda sana kunyesha alasiri. Chama kinachosoma kwa sauti hakiwezi kufanya kazi chini ya bati tupu. Mwaka wetu wa kwanza tulikutana katika darasa la chekechea lisilo na dari, na siku ya mwanzo ya mvua kubwa msomaji alipandisha sauti, akapandisha tena, mwishowe akafunga kitabu na sote tukakaa kimya dakika 40 tukitazama maji yanavyoshuka kwenye mfereji. Sasa tunakutana kwenye sebule ya mwanachama, nyumba yenye dari ya mbao, na mvua ikinyesha husikika kama kitu cha mbali.

Siku tuliyoizoea ni Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, saa nane mchana hadi saa kumi. Jumapili ni ya ibada na Jumamosi asubuhi ni ya soko na misiba. Saa kumi si ya kubahatisha pia: kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Mbeya huanza kuuma jua likishuka nyuma ya mlima, na wanaotoka Uyole au Mbalizi wanataka kupanda daladala kabla ya msongamano wa jioni. Kwa Njombe na Makete ningeshauri saa saba kabisa.

Zingatieni pia kalenda ya shamba. Wakati wa kupanda na wa palizi, na tena wakati wa kuvuna mahindi, mahudhurio hushuka nusu. Msilaumu mtu. Katika miezi hiyo someni mashairi au insha fupi, zinazoanza na kuisha siku moja, na riwaya iwekwe kwa miezi ambayo watu wako mjini.

Hatua ya nne: Kuita watu, na kikao cha kwanza

Waite watu mmoja mmoja kwa mdomo. Tangazo la kundi la WhatsApp lenye watu 200 lilituletea ahadi 31 na watu wawili. Anza na wale unaowajua kuwa husoma kitu, chochote: anayenunua gazeti kila siku, mama anayefundisha shule ya Jumapili, imamu kijana anayependa mashairi, kinyozi mwenye rafu ya riwaya za upelelezi. Watano wanatosha. Changanya umri kwa makusudi, kwa sababu wazee wanajua maneno na vijana wana macho.

Kikao cha kwanza kisizidi saa moja na nusu. Wasalimieni wageni kwa lugha zao kama mnazijua. *Kamwene* ya Mhehe au Mbena hufungua mlango ambao hotuba haifungui. Mwanzilishi aeleze kwa dakika tano mwandishi ni nani, kisha, kabla ya mazungumzo yoyote kuhusu uongozi, kitabu kifunguliwe na kurasa za mwanzo zisomwe. Mkimaliza, chagueni watu wawili tu: katibu mwenye daftari na mhazini mwenye kopo. Mwenyekiti hahitajiki bado. Kila kikao kitakuwa na mwongozaji wake wa zamu.

Hatua ya tano: Kuendesha kikao

Msingi wa kila kikao ni kusoma kwa sauti. Nimesikia vyama ambako kila mtu husoma nyumbani kisha huja kujadili, na labda huko kwao watu wana muda huo. Kwetu, nusu ya wanachama hurudi nyumbani saa moja jioni, umeme wakati mwingine haupo, na watoto wapo. Aidha Shaaban Robert aliandika nathari yenye mapigo, sentensi zake hupangwa kwa uzani wa mtu aliyelelewa na mashairi, na ukizisoma kimya unapoteza nusu yake. Kwa hiyo tunasoma pale pale, wote pamoja.

Ugawaji wa saa mbili ambao umetufaa ni huu: dakika kumi za kusubiriana na chai, dakika 35 hadi 40 za kusoma, robo saa ya maneno magumu, takriban dakika 45 za mjadala, na dakika zinazobaki kwa matangazo na michango. Ukurasa wa kitabu kidogo husomwa kwa sauti kwa dakika mbili hadi tatu, hivyo panga kurasa 12 hadi 15, usizidishe. Wasomaji wapokezane kila kurasa mbili au tatu. Katibu aandike mapema majina ya wasomaji wa zamu ili wajiandae, kwa kuwa mtu anayeshtukizwa husoma kama anayesoma taarifa ya msiba. Asiyetaka kusoma asilazimishwe. Tunaye mama mmoja aliyekaa mwaka mzima akisikiliza tu, na tukaja kujua kwamba miwani ndiyo iliyokuwa tatizo. Alipopata miwani, hakuna aliyemshinda kwa kusoma maneno ya wafalme.

Mwongozaji wa zamu aje na maswali matatu, yaliyoandikwa. Swali zuri ni lile ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulijibu tofauti na wote wakafungua kitabu kutafuta ushahidi. Chukulia *Adili na Nduguze*. Humo kuna liwali aitwaye Adili ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili, kisha huwabembeleza na kuwalisha; na manyani hao, tunakuja kujua, ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Ukiuliza tunajifunza nini katika hadithi hii, utapata majibu ya mtihani, na chumba kitalala. Sisi tuliuliza: mwandishi alikuwa na haja gani ya majina mawili, ikiwa hasidi na mwenye wivu ni mtu yuleyule?

Swali hilo lilikula muda wote wa mjadala. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alisema ni visawe tu. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli ambaye kwa kawaida husema kidogo, aliweka kikombe chini. "Mwanangu," alisema, "mwenye wivu anataka gari kama lako. Hasidi anataka gari lako lipinduke." Kijana akajibu kwa adabu, "Shikamoo tena, Mzee, lakini ndani ya kitabu wote wawili wanamtendea Adili ubaya uleule," na akasoma mahali pake. Tukarudi nyuma sura nzima kuangalia nani alianza na nani alifuata. Kikao kiliisha bila mshindi, na kikao kilichofuata wote wawili walifika kabla ya saa.

Jambo hilo linaonyesha pia kanuni yetu kuu ya mjadala: anayetofautiana na mwenzake ataje mahali kwenye kitabu. Kanuni hii humpa kijana njia ya kumpinga mzee bila kumvunjia heshima, maana anayempinga ni kitabu, na humzuia mzee kushinda kwa umri peke yake. Kanuni ya pili inawahusu walimu, nami nikiwemo. Tulifundishwa kuipasua riwaya kwa fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, wahusika bapa na wahusika duara. Maneno hayo yana kazi yake darasani. Kwenye kikao yakitangulia, asiyeyajua hudhani kwamba hana ruhusa ya kusema, na atanyamaza. Tumekubaliana yasitajwe katika nusu ya kwanza ya mjadala.

Hatua ya sita: Maneno magumu na daftari la chama

Wengi wetu Kiswahili ni lugha ya pili iliyokuja mapema, baada ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga, na Kiswahili cha Shaaban Robert ni cha mtu wa pwani wa nusu ya kwanza ya karne iliyopita, chenye Kiarabu kingi. Neno likikwamisha, msomaji asisimamishwe. Kila mtu aliwekee alama ya penseli, na baada ya kusoma maneno yakusanywe.

Kwanza jaribuni kubahatisha kutokana na sentensi. Kisha ndipo kamusi ifunguliwe: *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ipo katika nyumba nyingi za walimu, na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, ina maneno mengi zaidi. Mwisho, ulizeni kama neno hilo lina mwenzake katika lugha za nyumbani. Sehemu hii huleta kicheko na ubishi, na ndiyo inayowafanya watu wakumbuke maana. Katibu huandika neno, sentensi lilimotoka na maana tuliyokubaliana. Daftari letu la kwanza, lile kubwa la kaunta, limejaa upande huu kuliko upande wa mihtasari ya vikao.

Majina yatengewe ukurasa wake. Mwandishi huyu hakumpa mtu jina bure: Karama, Majivuno, Utubora, Utubusara, na nchi kama Kusadikika na Kufikirika, ambazo ni vitenzi vilivyogeuzwa kuwa ramani. Anayeanza kusoma akipewa ufunguo huo, kurasa ngumu hufunguka zenyewe.

Hatua ya saba: Mpango wa mwaka wa kwanza

Anzeni na *Adili na Nduguze*, kwa sababu ni hadithi ya ajabu inayovuta, na haidai maarifa ya awali. Vikao vinne au vitano vinaimaliza.

Halafu ifuate *Kusadikika*, na hapa ningependa chama kichukue muda. Ni habari ya nchi ielayo angani, ambako Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, na wakalipwa kifungo. Umbo hilo limetengenezwa kama kwa ajili ya chama: mjumbe mmoja kwa kikao kimoja, kisha kikao cha mwisho cha baraza. Siku ya baraza gawaneni nafasi. Mmoja awe Karama, mmoja Majivuno, wengine watatu wawe wazee wa baraza, na waliobaki wawe wananchi wenye haki ya kuuliza. Msiigize kwa kukariri. Kila mmoja ajitetee kwa maneno yake, akitegemea kitabu. Kwetu aliyepewa nafasi ya Majivuno alikuwa mama mpole anayeuza vitenge Mwanjelwa, naye alijenga hoja za kulinda utulivu wa nchi kwa ustadi ambao ulitutisha kidogo. Kabla ya siku hiyo mwongozaji awakumbushe watu kwamba kitabu kilitoka mwaka 1951, chini ya serikali ya kigeni, na kiliandikwa na karani wa serikali hiyohiyo. Mengine watayaona wenyewe.

Kitabu cha tatu kiwe *Utubora Mkulima*. Mtu anayeacha kazi ya mshahara mnono mjini ili akashike jembe ni habari inayoeleweka sana kwa watu wanaolala Mbeya mjini na mioyo yao iko kwenye ekari mbili za parachichi Rungwe. Msishangae mjadala ukihamia kwenye bei ya mbolea. Mwongozaji auache uende kidogo, kisha aurudishe kwa kuuliza kama Utubora angeweza kuishi hivyo bila akiba aliyotoka nayo kazini.

Katika miezi ya shamba wekeni vipande vifupi. Mashairi mawili marefu ya nasaha aliyowaandikia watoto wake, *Hati* kwa binti yake Mwanjaa na *Adili* kwa mwanawe Hussein, yanafaa kusomwa siku moja, upande kwa upande, wazazi na vijana wakiwa pamoja. Kina dada watauliza mara moja kwa nini binti aliusiwa hivi na kijana vile. Lipo pia shairi la kumlilia mkewe Amina. Hilo lisomwe na mtu mmoja, na baada yake kusiwe na swali la mjadala. Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa mwaka 2002, zimetupa zoezi jingine: kila mwanachama aliandika barua ya karatasi kwa ndugu yake aliye mbali, akaitia posta kweli. Majibu matatu tu yalirudi, yote kwa simu.

Hatua ya nane: Fedha

Hapa nitakuwa mfupi. Ada yetu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanachama 12 wakilipa wote, mwaka una shilingi 288,000, ambazo hutosha nakala mpya, daftari, sukari na majani ya chai. Chai haina gharama kubwa katika mkoa unaoilima. Mhazini asome mapato na matumizi kila kikao cha mwisho wa mwezi, kwa sauti, hata kama kilichotumika ni shilingi 1,500 za mishumaa. Msikopeshane fedha za chama. Siku mtakapoanza, mtakuwa kikoba, na vikoba vizuri tayari vipo.

Hatua ya tisa: Siku ya hadhara

Mara moja kwa mwaka chama kijionyeshe. Tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa mwandishi, ingeonekana kuwa ndiyo yenyewe, lakini ni Mwaka Mpya na hakuna atakayekuja. Tarehe 7 Julai ni bora: ni Sabasaba, siku ya mapumziko, na tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mvua zimekwisha, mahindi mengi yako ndani.

Anzeni maandalizi mwezi Mei. Mwezi huo ombeni ukumbi, wa shule, kanisa au maktaba, kwa barua, na mwarifuni mwenyekiti wa mtaa, ambaye atawaelekeza kama kuna kibali kingine kinachotakiwa. Mwezi Juni chagueni vipande vitano vya kusomwa, kila kimoja dakika tano hadi saba, na wasomaji wafanye mazoezi wakiwa wamesimama, wakitazama watu. Alikeni shule mbili za sekondari, kila shule ilete msomaji mmoja. Siku yenyewe ianze saa nne asubuhi na iishe kabla ya chakula. Hotuba ya mgeni rasmi, kama lazima awepo, iwekwe baada ya usomaji wa pili na ipewe dakika kumi. Mwandikieni hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwani siku yenyewe hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kumkatiza. Wekeni meza ya vitabu mlangoni. Zaidi ya nusu ya wanachama wetu wapya walijiandikisha pale mezani, wakiwa wameshika kitabu mkononi.

Hatua ya kumi: Usajili

Chama kikifikisha mwaka mmoja na watu zaidi ya kumi, na mkianza kuhitaji akaunti ya benki au kuomba msaada wa vitabu, ndipo mwandike katiba. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaeleza njia inayowafaa. Vyama vya namna hii husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye sahihi, na orodha ya viongozi. Kama daftari la katibu limetunzwa tangu siku ya kwanza, kazi hii ni ya wiki moja. Katiba yetu ya sasa ina kurasa tatu.

Hatua ya kumi na moja: Safari ya Tanga

Kila chama cha mwandishi hutamani kuona alikotoka mwandishi wake, na Machui ndiko alikozikwa. Kutoka Mbeya hadi Tanga kwa barabara ya Chalinze na Segera ni takribani kilomita 1,000, yaani siku ya kwenda, siku ya kukaa, siku ya kurudi, na malazi ya usiku mbili au tatu. Msiifanye mwaka wa kwanza. Wekeni kopo la pembeni kwa miaka miwili, watakaoweza waende, na kila anayekwenda apewe kazi: mmoja asome kando ya kaburi, mmoja apige picha, mmoja aandike. Kijiji si makumbusho, kwa hiyo fikeni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulisheni, na ombeni mwenyeji wa kuwaongoza kabla ya kupiga picha yoyote. Vaeni kwa heshima ya mahali. Wanachama wa kutoka huku juu wachukue pia nguo nyepesi; joto la Tanga lilimfanya fundi wetu wa reli avue koti lake la sufu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Hatua ya kumi na mbili: Kutunza nakala

Vitabu vya chama viwekwe majalada ya karatasi za kaki, vipewe namba, na viandikwe kwenye rejesta yenye safu tano: namba, jina la kitabu, mwazimaji, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Anayepoteza hununua kingine, wala asipewe nafasi ya kulipa nusu. Hali ya hewa ya huku ina ukungu na unyevu mwingi, na tulipoteza nakala mbili za *Kufikirika* kwa kuvu kwa sababu tuliziweka kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje. Sasa vitabu vimo ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili, pamoja na majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Kila Desemba sanduku hutolewa juani asubuhi moja, vitabu vikahesabiwa kimoja kimoja mbele ya katibu na mhazini. Funguo ziwe mbili, na wanaozishika wasiishi nyumba moja.